Kigwe cha Bega la Kushoto: Kumuaga Mama Vigwe

Kwa Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi, kwa Mkurugenzi, na kwa ndugu zangu wote wa makumbusho ya sare, mlio kazini na mliokwisha kupumzika: nawasalimu kwa heshima na taadhima, nikitumaini kuwa salamu hizi zinawakuta wazima, ninyi pamoja na jamaa zenu wa nyumbani.

Naomba radhi kwanza. Wasifu huu niliombwa mwanzoni mwa mwezi, na Mhariri, kwa uungwana wake, amenikumbusha zaidi ya mara moja pasipo kuinua sauti. Kuchelewa kwangu hakukutokana na uvivu wala dharau. Kila nilipodhani nimefika mwisho, mtu ninayemwandikia alikuwa amekwisha kufanya jambo jingine, ikanibidi nichukue karatasi mpya. Mhariri atanisamehe. Mstaafu wetu hajawahi kumsubiri mtu, seuze mwandishi mwenye macho ya uzee kama mimi.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mama Vigwe anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika ghala la sare za kale za kijeshi. Wengi wenu hamjui jina lake la kwenye hati ya mshahara, na hata akiitwa kwa jina hilo yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Kwa ajili ya wageni watakaoshika jarida hili, nieleze kwamba vigwe ni zile kamba za kusokotwa, za sufu, hariri au uzi wa dhahabu, zinazotoka begani na kushuka kifuani katika sare za sherehe. Mtu asiyejua huona pambo tu. Anayejua husoma humo kazi ya mvaaji: huyu alikuwa mpambe wa jemadari, huyu mpiga tarumbeta, huyu mshika bendera. Rangi husema, msuko husema, ncha za shaba husema, na bega lililobeba kigwe nalo husema. Kazi ya Mama Vigwe imekuwa kusikiliza hayo yote na kuandika kibandiko chenye maneno machache yasiyo na uongo.

Aliingia kazini kama mshonaji wa muda, aje arekebishe bitana za makoti na aondoke. Mimi wakati huo nilikuwa mtunza ghala, nikampa meza karibu na dirisha na kiti kizuri cha mbao. Meza aliitumia. Kiti kilibaki cha kuwekea makoti. Chai alikunywa akitembea, simu alizungumza akitembea, na mikutano ya wafanyakazi aliihudhuria akiwa ameegemea mlango, huku vidole vyake vikisuka uzi ambao hakuna aliyejua umetoka wapi. Mkurugenzi mmoja wa zamani alimwambia kwa upole, "Mama, keti, unatutia wasiwasi." Akajibu, "Samahani, mkubwa, nikiketi wasiwasi unaniingia mimi." Tangu siku ile aliachwa.

Namna yake ya kuvitambua vigwe hakufundishwa na mtu. Kikiletwa kigwe ambacho mwenyewe hajulikani, yeye husuka mfano wake kwa uzi mweusi wa pamba, urefu ule ule na vitanzi vile vile, akaupaka unga wa chaki. Kisha humtafuta mtu wa kuuvaa siku nzima katika shughuli zake. Jioni huuvua na kutazama chaki imefutika wapi: kwenye kwapa, kwenye mkanda, kwenye ukingo wa meza. Halafu huulaza kando ya kile cha kale na kulinganisha palipochakaa. Mpanda farasi hachakazi kigwe mahali pale pale anapochakaza mwandishi wa jemadari. Ndiyo maana katika jengo letu, kwa miaka mingi, hapakuwa na mfanyakazi asiyekuwa na chaki kwenye shati. Hata marehemu mke wangu, aliyekuja siku moja kuniletea miwani niliyoisahau, alirudi nyumbani amevishwa kigwe cha mfano. Alifua nacho nguo, akakirejesha kesho yake na ujumbe kwamba mshika bendera yeyote atakayevaa kitu hiki asifue, kinaingia kwenye povu.

Mhasibu wetu wa wakati ule, mtu mnene mwenye haya nyingi, alivishwa mfano wa kigwe cha mpambe siku aliyokuwa na safari ya benki. Mlinzi wa benki alipomwona alikakamaa, akapiga saluti na kumpitisha mbele ya foleni. Mhasibu alirudi kazini kifua kimemvimba. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa Mama Vigwe kabla ofisi hazijafunguliwa.

"Mama, leo hakuna cha kuvaa?"

"Kipo. Cha mpiga tarumbeta."

"Huyo naye hupigiwa saluti?"

"Huyo huwaamsha wenzake alfajiri. Hutukanwa."

Mhasibu akakumbuka ghafla kwamba ana hesabu za kufunga.

Alikuja pia mfanyabiashara wa vitu vya kale, na kamba nene ya dhahabu ndani ya sanduku lililotandikwa mahameli, akasema ilikuwa ya kanali. Mama Vigwe aliizungusha kwenye mwanga mara moja tu. Upande mmoja ulikuwa umepauka kwa jua tangu juu hadi chini, na upande wa pili bado mbichi. "Hii ilifungia pazia," akasema. Yule bwana hakushtuka. "Basi, Mama, pazia lilikuwa la kanali." Tulicheka hadi Mama Vigwe mwenyewe akashika meza, na kamba ile akainunua kwa fedha yake. Iko dirishani kwake hadi leo, inafungia pazia.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi katika wasifu wa namna hii. Naomba radhi kwa watakaoona si mahali pake. Ni yeye mwenyewe aliyeniagiza niliandike, akasema nisipoliandika hatalitambua jarida.

Mwanzoni mwa utumishi wake, alipokuwa ndiyo kwanza amepewa madaraka ya kutoa uamuzi, mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alileta koti la sherehe la marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga ngoma katika bendi ya kikosi. Kwenye bega la kushoto palishonwa kigwe. Bega lilikuwa sahihi, kwa kuwa katika jeshi lile wapiga ngoma walivaa kushoto na wapambe kulia. Kigwe chenyewe ndicho kilichokuwa na shida. Vigwe vya wapiga ngoma vilikuwa vya sufu ya kijani, bila ncha. Hiki kilikuwa cha hariri nyekundu na uzi wa dhahabu, chenye ncha mbili za shaba. Kilikuwa kigwe cha mpambe, kimening'inia kwenye bega la mpiga ngoma.

Kanuni ilikuwa wazi. Koti ni la mpiga ngoma, kigwe ni cha mtu mwingine, familia imekiongeza ili kumpamba mzee wao. Mama Vigwe alichukua mkasi, akakata nyuzi, akatenganisha. Koti likaenda kabatini, kigwe kikaenda katika droo ya vigwe visivyo na makoti. Mwalimu alisimama pale akitazama. Hakugomba wala hakulia. Alichukua mkoba wake akatoka, na hakukanyaga tena makumbusho yetu.

Mfano wa kwanza wa uzi wa pamba aliusuka wiki ile ile. Sikuunganisha mambo hayo mawili hadi mwaka huu.

Mnajua wote kwamba mwaka huu tunahama. Jengo limejaa masanduku, kuta zimebaki na alama za makabati, na ukikohoa ghorofa ya chini unasikika ghorofa ya juu. Kamati ya uhamisho iliamua kwamba kila kipande kisicho na koti lake kipakiwe katika sanduku la mchanganyiko, kipigiwe misumari na kupelekwa katika bohari la mbali, ambako, tusidanganyane, hakuna atakayekifungua katika uhai wetu. Mimi niliitwa kutoka kwenye mapumziko yangu kuja kusaidia kupakia. Nikamkuta Mama Vigwe katika hali ambayo sijawahi kuiona, nami nimemwona miaka mingi. Alikuwa akifungua ile droo na kuifunga. Anakwenda hadi ngazini, anarudi, anaifungua tena. Nikamwuliza, "Mwenzangu, umepoteza nini?" Akasema, "Sijapoteza. Nilichokiondoa kiko hapa."

Ngoma ndiyo iliyoleta mwanga. Ngoma ya bendi ile, yenye ukingo wa mbao uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ilikuwa imeazimwa na makumbusho mengine kabla hata Mama Vigwe hajaajiriwa, na kwa sababu ya uhamisho ikarejeshwa. Mpagazi aliitua juu ya meza yake kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine. Mama Vigwe aliitazama kwa muda mfupi sana. Kisha akasuka, akapaka chaki, akamwita dereva wetu, kaka mrefu mwenye subira, akamvisha mfano begani kushoto na kumning'inizia ngoma pajani. Si ile ya kale, jamani, msiogope. Ilikuwa ya shule ya jirani, yenye kipimo kile kile.

"Tembea. Mguu wa kushoto kwanza. Piga."

"Nipige nini, Mama?"

"Chochote kinachopigwa."

Dereva akashuka ujia mzima akipiga. Milango ikafunguka juu na chini. Mkurugenzi akachungulia kutoka ngazini. "Kuna nini huko? Nani anaoa?"

"Ni mimi, Mkurugenzi," dereva akajibu bila kusimama, "nipo kazini!"

Alipovuliwa, chaki ilikuwa imefutika kwenye kitanzi cha chini, mahali kinapogonga ukingo wa ngoma kila hatua. Mama Vigwe akakitoa kigwe cha kale kwenye droo na kuweka lenzi juu ya kitanzi kile kile. Akaniachia nafasi nitazame. Ndani kabisa ya msuko wa hariri, mahali ambapo brashi haifiki, palikuwa na vumbi la rangi nyeupe. Nyekundu nayo ilikuwepo, ila ilijificha katika wekundu wa hariri. Tukaleta koti. Pembe ya chini, upande wa kushoto, sufu ilikuwa imelika kwa kusuguliwa, na mlikuwa na chembe za rangi ile ile. Mabega yote mawili tukayakagua: hapakuwa na tundu la sindano isipokuwa yale ya kushoto, yale yaliyobaki baada ya mkasi.

Kigwe kile kilipiga ngoma, na kilipiga ngoma muda mrefu, juu ya koti lile. Kwa nini mpiga ngoma alivaa kigwe cha mpambe, hatukujua. Lakini kilikuwa chake.

Mama Vigwe akapanda ngazi kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa ya kukirudisha kigwe kwenye koti, nami nikamfuata nikihema.

"Mama, subiri kamati ikae," Mkurugenzi akasema. "Wiki ijayo tu."

"Wiki ijayo sanduku litakuwa limepigwa misumari, mimi nitakuwa nyumbani, na Mwalimu atakuwa amehamia kwa mwanawe. Anasafiri Jumamosi. Nani atamwambia?"

Mkurugenzi, na ninamshukuru hadharani kwa hili, aliweka saini akiwa wima.

Habari ya safari Mama Vigwe aliipata kwangu. Mwalimu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miaka yote tumesalimiana juu ya ua, tumeulizana hali za magoti na za wajukuu, na hajawahi hata siku moja kuniuliza habari za kazini kwangu. Basi Jumatatu Mama Vigwe akaniomba nimsindikize, kwa kuwa haipendezi mtu kwenda kuomba msamaha peke yake bila mzee wa kusimama pembeni.

Tulikuta sebule imekwisha kufungwa kamba. Magodoro yamekunjwa, picha zimeshushwa, ukutani miraba myeupe tupu.

"Karibuni," Mwalimu akasema. "Viti vimebaki viwili. Mmoja wetu atasimama."

"Nitasimama mimi," Mama Vigwe akasema, na safari hii hapakuwa na aliyeshangaa.

Akaeleza yote, ngoma, chaki, rangi, matundu ya sindano, bila kujitetea. Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama asikilizavyo mtu darasa linalosoma kwa sauti.

"Kwa hiyo sasa mnasema ni chake."

"Ni chake, Mwalimu. Nilikosea."

"Nilikwambia siku ile."

"Uliniambia."

"Nawe ukanijibu nini?"

 Nilimwona Mama Vigwe anatafuta mahali pa kuweka mikono. "Nilisema, 'Hapa hatufanyi kazi kwa maneno ya nyumbani.'"

"Ndivyo ulivyosema. Mimi nikaja nyumbani, mama yangu akaniuliza, wamelipokea? Nikamwambia wamelipokea. Sikumwambia lingine. Akafa akijua limepokewa."

 Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta kopo. Kisha Mama Vigwe, ambaye hawezi kuacha swali hata nyumba ikiwaka moto, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba unisaidie. Kwa nini alivaa cha mpambe?"

Hapo Mwalimu akacheka, kicheko cha ghafla kilichomshangaza mwenyewe. "Bohari liliishiwa! Vile vya sufu vilikwisha, baba akapewa kilichokuwepo, akaambiwa vingine vinakuja. Havikuja hadi anastaafu. Alikuwa akituambia wapambe wa kweli walimnunia mwaka mzima."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa na mkasi mkononi."

Alipotusindikiza mlangoni alisema neno moja tu la mwisho: "Kukata ulikata mbele yangu. Kushona nitakuja kuona."

Alikuja leo asubuhi, Jumatano, amevaa nguo za kusafiria, na kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi kwa sababu vingine vimekwisha kupakiwa. Koti lilikuwa limelazwa juu ya karatasi laini, na wafanyakazi waliosikia habari walijipanga nyuma ya masanduku, wanajifanya wanahesabu vibandiko. Mama Vigwe alitunga sindano, akaweka kigwe sawasawa juu ya yale matundu ya kale, kama kazi inavyotaka, akaanza. Alikuwa amepiga mishono michache Mwalimu aliposema:

"Juu kidogo."

Mama Vigwe akainua macho. Matundu yalikuwa pale, yanaonekana hata bila lenzi.

"Mwanzoni kilikaa hapo," Mwalimu akasema. "Baadaye mama alikipandisha, ili kisigonge ngoma sana. Mishono ya chini hakuigusa, alikivuta akakifunga kwa vidole tu chini ya ukosi, hakukishona, na koti lilipokuja kwenu fundo lilikuwa limefunguka. Baba alikivaa juu."

Nawajulisheni, ndugu zangu, kwamba hakukuwa na chaki ya kupaka wala mtu wa kuvishwa. Hakuna chembe ya rangi ambayo ingeweza kuthibitisha neno lile. Mama Vigwe alifumua mishono aliyokwisha kupiga, akapandisha kigwe hadi chini ya ukosi, akamwangalia Mwalimu. "Hapa?"

"Hapo."

Akashona. Kisha akaandika kibandiko kwa mkono wake, nami nimepata ruhusa ya kukinakili: *Koti la mpiga ngoma wa bendi. Kigwe cha mpambe, bega la kushoto, kilichotolewa kwa kukosekana kingine. Kimewekwa juu kwa maelezo ya binti yake.* Ndicho kibandiko chake cha mwisho katika utumishi wa umma, na ndicho cha kwanza, tangu ghala letu lianzishwe, kutaja chanzo cha namna hiyo. Mkurugenzi amekwisha kusema kwamba si cha mwisho, na kwamba katika jengo jipya wanaoleta makoti watapewa kiti na kuulizwa kwanza.

Mama Vigwe, sisi tuliofanya kazi nawe, tuliopakwa chaki nawe, tunakushukuru. Umetuachia ghala ambamo kila kigwe kinachojulikana kimerudishwa begani pake, na vile visivyojulikana vimeandikwa wazi kwamba havijulikani. Mwenyezi Mungu akujalie afya, miguu isiyochoka kwa kuwa tunajua hutaipumzisha, na siku nyingi za furaha pamoja na wanao na wajukuu. Njoo ututembelee katika jengo jipya. Mlango wa kuegemea tutakuwekea.

Waraka huu utawafikia kesho kabla ya kupigwa chapa. Dereva alijitolea kuja kuuchukua, lakini Mwalimu amesema atapita huko makumbusho asubuhi kulitazama koti likiingizwa kwenye kabati la kioo, na kwamba ataubeba yeye. Bahasha sikuifunga. Amesema atausoma njiani, na akikuta neno lisilo la kweli, atawaambieni.